Kupima pengo la kipato, kutafuta chanzo chake na kuchagua sera ya kulipunguza

Mijadala mingi kuhusu walio nacho na wasio nacho huanzia mwisho. Mmoja anataka kodi ya matajiri ipandishwe, mwingine kima cha chini cha mshahara kiongezwe, wa tatu anasisitiza kwamba elimu ndiyo kila kitu. Huenda kila mmoja ana hoja, ila kila hoja ina nchi na wakati wake. Pengo lililotokana na umiliki wa ardhi halizibwi na kima cha chini cha mshahara, na pengo la mishahara halizibwi na hati za viwanja.

Mwongozo huu ni kwa anayetakiwa kutoa pendekezo linaloweza kutetewa kwa hesabu: mjumbe wa kamati ya bajeti, mwandishi wa habari za uchumi, mtafiti wa asasi ya kiraia, mwanafunzi wa sera. Kazi yenyewe ni kupima, kutafuta pengo linazaliwa wapi, kuchagua sera inayogusa pale pale, kisha kukagua nani analipa na nani anapata.

Amua kwanza unapima nini

Kuna vitu vitatu vya kupima, navyo havitoi jibu moja: kipato, yaani kinachoingia katika kaya, matumizi, yaani kinachotoka, na mali, yaani kilichokusanywa baada ya kutoa madeni. Matumizi kwa kawaida huonyesha pengo dogo kuliko kipato, kwa sababu mwenye kipato kikubwa huweka akiba, na mwenye kipato kidogo hukopa, huuza alichonacho au husaidiwa na ndugu ili siku ipite. Mali huonyesha pengo kubwa kuliko vyote. Kwa dunia nzima, makadirio ya 2021 yanaonyesha kwamba asilimia 10 ya watu wa juu walichukua takribani asilimia 52 ya kipato chote, huku wakimiliki takribani asilimia 76 ya mali yote. Nusu ya chini ya watu wazima duniani ilipata takribani asilimia 8.5 ya kipato, na mali yake haikuzidi sana asilimia 2.

Kosa linalojirudia mno ni kulinganisha nchi mbili zilizopimwa kwa vitu tofauti. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini hupima kipato, ilhali India na nchi nyingi za Afrika hupima matumizi. Ukiziweka katika jedwali moja bila kusema hivyo, utaitangaza nchi ya pili kuwa na usawa zaidi kwa sababu tu dodoso lake liliuliza jambo jingine.

Amua pia namna ya kushughulikia ukubwa wa kaya. Watu wanne wanaoishi pamoja hawahitaji mara nne ya mahitaji ya mtu anayeishi peke yake, maana paa ni moja na taa ni moja. Njia nyepesi inayotumika sana ni kugawa kipato cha kaya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: kaya ya watu wanne unaigawia 2, ya watu tisa unaigawia 3. Ukigawa kwa idadi ya watu moja kwa moja, kaya kubwa zitaonekana maskini zaidi. Njia zote mbili zinakubalika. Kisichokubalika ni kutumia hii kwa mwaka wa kwanza na ile kwa mwaka wa pili, kisha kutangaza kwamba pengo limepungua.

Kokotoa Gini kwa mkono

Kipimo cha Gini, kilichotokana na kazi ya Corrado Gini mwaka 1912, kinasimama juu ya mkunjo uliochorwa na Max Lorenz mwaka 1905. Sifuri maana yake kila mtu ana sawa na mwenzake. Moja maana yake mtu mmoja anachukua chote. Katika nchi halisi, namba huanzia karibu 0.24, kama Slovakia, hadi karibu 0.63, kama Afrika Kusini.

Panga kaya zote kutoka ya chini hadi ya juu, uzigawe katika mafungu matano yenye idadi sawa ya watu, kisha tafuta kila fungu linapata sehemu gani ya kipato chote. Tuseme, kwa mfano, mafungu yanapata asilimia 4, 8, 13, 20 na 55. Jumlisha hatua kwa hatua kuanzia chini: 0.04, 0.12, 0.25, 0.45, 1.00. Sasa kwa kila fungu chukua jumla ya pale linapoanzia na pale linapoishia:

- fungu la kwanza: 0 + 0.04 = 0.04
- la pili: 0.04 + 0.12 = 0.16
- la tatu: 0.12 + 0.25 = 0.37
- la nne: 0.25 + 0.45 = 0.70
- la tano: 0.45 + 1.00 = 1.45

Jumla ni 2.72. Zidisha kwa 0.2, kwa kuwa kila fungu ni moja ya tano ya watu, upate 0.544. Toa katika 1: Gini ni 0.456. Jua kwamba mafungu matano hupunguza ukubwa wa pengo, kwa sababu hesabu inachukulia kwamba watu ndani ya fungu moja wako sawa. Ukiwa na takwimu za kila kaya, tumia hizo. Ukiwa na mafungu kumi, ni afadhali kuliko matano.

Udhaifu wa Gini ni kwamba haikuambii pengo liko sehemu gani. Nchi mbili zinaweza kuwa na 0.40, moja kwa sababu watu wa chini wameachwa mbali sana, nyingine kwa sababu kileleni kuna wachache waliopaa. Kwa hiyo weka kando yake uwiano wa Palma: sehemu ya asilimia 10 ya juu igawanywe kwa sehemu ya asilimia 40 ya chini. Katika mfano wetu, kama asilimia 38 ya kipato inaenda kwa sehemu ya kumi ya juu, basi 38 kwa 12 ni karibu 3.2. Namba hiyo inaeleweka hata kwa asiyependa hesabu: watu wa juu wanachukua zaidi ya mara tatu ya wanachopata watu walio mara nne ya idadi yao.

Watu wa juu hawamo katika dodoso

Takwimu za kaya zina shimo kubwa kileleni. Wenye kipato kikubwa zaidi ni wachache, hivyo sampuli huwakosa. Wakipatikana, wengi hawajibu. Wakijibu, husema mshahara na kusahau gawio, kodi ya pango na faida iliyobaki ndani ya kampuni. Matokeo yake ni Gini inayotuliza roho bila sababu.

Kuna njia rahisi ya kulijua shimo hilo. Zidisha riba na gawio zilizotajwa na kila kaya katika utafiti kwa uzito wake wa sampuli, yaani idadi ya kaya inazowakilisha, ujumlishe zote, kisha linganisha na kiasi kilichomo katika hesabu za taifa. Ukikuta utafiti umenasa sehemu ndogo tu, usitangaze Gini bila kutaja jambo hilo. Tiba inayotumika ni kubadilisha sehemu ya juu ya utafiti kwa kumbukumbu za mamlaka ya kodi. Nazo zina kasoro zake, kwani mapato yaliyofichwa nje ya nchi hayamo na asiye na namba ya mlipakodi haonekani, lakini kwa asilimia 1 ya juu bado ni bora kuliko dodoso.

Pima mara mbili: kabla na baada ya mkono wa serikali

Hatua hii ndiyo inayoamua nyingine zote, na ndiyo inayorukwa. Kokotoa Gini ya kipato cha soko, yaani mshahara, faida, riba na kodi za pango kabla serikali haijagusa kitu. Kisha kokotoa Gini ya kipato kilichobaki baada ya kodi za moja kwa moja kutolewa na pensheni, posho na misaada ya fedha kuongezwa.

Wengi hushangaa wakiona matokeo. Nchi kadhaa za Ulaya zinazosifiwa kwa usawa zina kipato cha soko chenye pengo kubwa tu. Finland, kwa mfano, huanza karibu na 0.5 na kuishia chini ya 0.3, tofauti ikiwa imeletwa na kodi na hifadhi ya jamii, pensheni zikiwa na sehemu kubwa. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, namba ya kabla haiko mbali na hiyo, lakini namba ya baada husogea kidogo tu.

Sasa una njia panda. Kama namba ya kabla ni kubwa na ya baada inabaki karibu pale pale, mfumo wa kodi na misaada haufanyi kazi, anza hapo. Kama namba ya baada iko chini sana lakini ya kabla inapanda mwaka hadi mwaka, serikali inakimbia kufidia tatizo linalokua sokoni, na bajeti haitahimili milele. Shughulika na mishahara, mali na ushindani. Kama zote ni ndogo lakini watoto wa maskini wanabaki maskini, pengo limehamia kwenye fursa, na Gini ya mwaka mmoja haitakuonyesha. Pima basi ni kiasi gani kipato cha mzazi kinatabiri kipato cha mtoto akiwa mtu mzima. Makadirio ya kiwango hicho kwa Denmark ni kama 0.15, na kwa Marekani ni karibu 0.5, yaani kwa Marekani, karibu nusu ya faida ya kuzaliwa na mzazi mwenye kipato kikubwa hurithiwa.

Tafuta chanzo kwa dalili zake

Gawanya kipato cha soko kwa aina: mishahara, kujiajiri, mapato ya mali. Aina yenye mchango mkubwa katika pengo ndiyo ya kuchunguza kwanza.

Ikiwa ni mishahara, uliza kama pengo liko kati ya makundi au ndani yake. Kipimo cha Theil kinafaa hapa kwa sababu kinagawanyika kikamilifu: sehemu ya pengo iliyo kati ya waliosoma na wasiosoma, kati ya mjini na vijijini, kati ya wanawake na wanaume, na sehemu iliyobaki ndani ya kila kundi. Pengo kubwa kati ya viwango vya elimu linaashiria uhaba wa ujuzi fulani au teknolojia inayowapendelea wenye ujuzi huo. Pengo kubwa kati ya watu wenye elimu ile ile na kazi ile ile, walioajiriwa katika kampuni tofauti, linaashiria nguvu za mwajiri: mji una kiwanda kimoja, vyama vya wafanyakazi vimedhoofika, kazi zimehamishiwa kwa wakala. Elimu zaidi haitatibu hilo la pili, ingawa ndiyo inayopendekezwa daima, kwa kuwa haimuudhi mtu yeyote.

Ikiwa ni mapato ya mali, angalia ni mali gani. Ardhi na majengo mijini hupanda thamani kwa sababu umma umejenga barabara na kuleta maji karibu, na faida inaenda kwa mwenye kiwanja peke yake. Faida za kampuni zinazozidi kiasi cha kawaida kwa miaka mingi mfululizo ni dalili ya ukiritimba, au ya leseni na zabuni zinazotolewa kwa wachache. Urithi unaopita bila kodi hujumlisha yote hayo kizazi hadi kizazi.

Ikiwa ni kujiajiri, tatizo mara nyingi ni tija na masoko: mkulima asiye na ghala huuza wakati wa mavuno bei ikiwa chini, mfanyabiashara mdogo hukopa kwa riba kubwa kuliko kampuni. Na katika kila aina, angalia saa za kazi zisizolipwa. Kulea watoto na kuhudumia wagonjwa huwaangukia zaidi wanawake, na saa hizo hupunguza mshahara wa leo na pensheni ya kesho.

Sera zinazogusa kabla ya soko

Ardhi ni mfano wenye mafunzo mengi. Taiwan ilianza mwaka 1949 kwa kuweka ukomo wa kodi ambayo mpangaji humlipa mwenye shamba kuwa asilimia 37.5 ya mavuno, kisha mwaka 1953 ikawauzia wapangaji ardhi iliyozidi kiwango, walipe kwa awamu za miaka 10. Wenye ardhi walifidiwa kwa hati fungani na hisa za kampuni za serikali. Korea Kusini iliweka ukomo wa karibu hekta 3 kwa kaya kupitia sheria ya 1949 na 1950. Kilichofanya mipango hiyo isimame ni ukomo ulioandikwa kwa namba, fidia iliyopangwa mapema, na pembejeo na ugani kumfuata mkulima mpya. Mahali ardhi ilipogawiwa bila mkopo wala mbegu, wengi waliishia kuikodisha tena kwa yule yule wa zamani.

Kwa elimu, fuata fedha hadi darasani. Malawi mwaka 1994 na Uganda mwaka 1997 ziliondoa ada za shule ya msingi na uandikishaji ukaruka kwa kasi kuliko walimu na madarasa. Kuondoa ada kunafungua mlango. Kinachopunguza pengo ni mtoto kusoma na kuelewa akiwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kutangaza elimu bure, weka mezani idadi ya walimu wa ziada watakaohitajika kwa miaka mitatu ya kwanza, na uhesabu gharama ambazo si ada: sare, usafiri, chakula. Jihadhari pia na ruzuku ya vyuo vikuu. Pale ambapo watoto wa fungu la chini hawamalizi hata sekondari, chuo cha bure ni zawadi kwa walio juu. Fedha ile ile ikienda kwenye afya ya mama na mtoto na malezi ya awali hufika chini zaidi.

Sera zinazogusa ndani ya soko

Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa sheria mara ya kwanza New Zealand mwaka 1894, na hofu ya kwamba kinaua ajira imekuwepo tangu hapo. Ushahidi uliokusanywa tangu utafiti wa David Card na Alan Krueger wa 1994 kuhusu migahawa ya New Jersey na Pennsylvania umeonyesha kwamba nyongeza ya wastani si lazima ipunguze ajira. Neno la kuzingatia ni wastani. Gawa kima unachopendekeza kwa mshahara wa kati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi wako juu yake na nusu chini. Kikiwa kati ya asilimia 40 na 60, uko katika eneo lililojaribiwa sana. Kikizidi hapo, hasa katika mikoa yenye mishahara midogo, utakuwa unakisia.

Kisha uliza ni sehemu gani ya wafanyakazi inaguswa na sheria hiyo. Kama wengi wako sekta isiyo rasmi, kima cha chini kitawanufaisha walioajiriwa rasmi, ambao huenda hawamo kabisa katika mafungu mawili ya chini. Brazil ilipopunguza Gini yake kutoka karibu 0.59 mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi karibu 0.53 mwaka 2012, mambo kadhaa yalienda pamoja: kima cha chini kilipanda, ajira rasmi ziliongezeka, pensheni za msingi zilifungamanishwa na kima hicho, na mpango wa Bolsa Família, wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ulianzishwa mwaka 2003.

Usisahau ukaguzi. Sheria ya mshahara isiyo na wakaguzi, na yenye faini ndogo kuliko kiasi ambacho mwajiri anaokoa kwa kuivunja, ni karatasi tu. Kokotoa: faini mara uwezekano wa kukamatwa lazima izidi mshahara uliopunjwa.

Kodi

Hapa ndipo penye upotoshaji mwingi, kwa hiyo fanya hesabu mbele ya wasomaji. Tuchukue vipimo bila jina la sarafu: 1,000 ya kwanza haina kodi, kutoka 1,000 hadi 3,000 ni asilimia 10, kutoka 3,000 hadi 6,000 ni 20, zaidi ya hapo ni 30. Mwenye 5,000 analipa 200 na 400, jumla 600, sawa na asilimia 12 ya kipato chake. Mwenye 20,000 analipa 200, 600 na 4,200, jumla 5,000, sawa na asilimia 25. Aliyepanda kutoka 3,000 hadi 3,001 anaongeza senti 20 tu za kodi. Si kweli kwamba nyongeza ya mshahara humfanya apeleke nyumbani pungufu.

Viwango vya juu vimewahi kuwa vikubwa sana. Marekani ilitoza asilimia 94 kwa ngazi ya juu mwaka 1944, ikawa 70 hadi 1981, ikashuka hadi 28 mwaka 1988. Lakini usitazame kiwango pekee. Kiwango cha 50 chenye misamaha kumi hukusanya pungufu ya kiwango cha 35 kisicho na tundu. Anza kwa kuorodhesha misamaha na thamani ya kila mmoja, na hakikisha faida ya mtaji haitozwi kidogo mno kuliko mshahara, la sivyo mwenye kampuni atageuza mshahara wake kuwa gawio.

Kodi ya ongezeko la thamani inahitaji uangalifu. Kaya yenye kipato cha 1,000 inayotumia 900 katika bidhaa zinazotozwa asilimia 15 inalipa 135, yaani asilimia 13.5 ya kipato. Kaya ya 20,000 inayotumia 8,000 inalipa 1,200, yaani asilimia 6. Kwa karatasi, kodi hii inamuumiza wa chini. Katika uchumi ambao maskini hununua kwa wachuuzi wasiosajiliwa, makali hayo hupungua. Ukitaka kulinda bidhaa za msingi, tofautisha msamaha na kiwango cha sifuri: muuzaji aliyesamehewa hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye malighafi, hivyo huiingiza kwenye bei, mwenye kiwango cha sifuri huirudishiwa. Na tajiri naye hununua bidhaa hizo hizo, tena kwa wingi, hivyo mara nyingi ni nafuu kutoza kodi na kurudisha fedha taslimu kwa kaya za chini.

Kodi ya utajiri inavutia, ila ina historia ngumu. Mwaka 1990 nchi 12 za OECD, shirika ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, zilikuwa nayo. Mwaka 2017 zilibaki nne, Uswisi ikiwa mojawapo. Ziliangushwa na misamaha, thamani zisizokaguliwa na mitaji iliyohama. Hali imebadilika kiasi tangu 2017, pale kubadilishana taarifa za akaunti za benki kati ya nchi kulipoanza kwa utaratibu wa moja kwa moja. Hata hivyo, mahali penye mamlaka dhaifu ya kodi, anza na kodi ya majengo. Nyumba haihami. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, mwaka 2020 iliacha kutoza kwa eneo la jengo pekee, ikaanza kutoa alama kwa vitu vinavyoonekana kama ukubwa, ubora wa paa na kuta, na barabara inayofika hapo, huku ikitumia picha za setilaiti kuyapata majengo ambayo hayakuwa kwenye daftari. Mfumo kama huo hauhitaji mthamini kwa kila nyumba, na mwenye nyumba anaweza kuikagua hesabu yake mwenyewe.

Misaada ya fedha na ruzuku

Angalia kwanza ruzuku zilizopo, maana mara nyingi ndimo fedha zilimo. Ruzuku ya mafuta huwafaidi wenye magari: tathmini ya wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) katika nchi zinazoendelea ilikuta fungu la tano la juu likipata wastani wa mara sita ya fungu la chini. Lakini ukiiondoa ghafla, nauli na chakula hupanda siku hiyo hiyo na maskini ndiye wa kwanza kuumia. Mpangilio ndio siri. Iran, mwishoni mwa 2010, iliweka fedha katika akaunti za kaya kabla bei hazijapandishwa, watu wakaziona. Ilipokosea ni baadaye: kiasi hakikufuata mfumuko wa bei, na thamani yake ikayeyuka. Andika kanuni ya kupandisha kiasi ndani ya sheria yenyewe.

Katika kuchagua wanufaika kuna makosa ya aina mbili: kumwacha anayestahili na kumwingiza asiyestahili. Wanasiasa huogopa la pili. La kwanza ndilo linaloumiza. Njia ya kukisia kipato kwa kuangalia aina ya paa, simu na idadi ya watoto hukosea sana mpango unapolenga fungu dogo, na jirani aliyeachwa haelewi kwa nini. Posho kwa wote walio katika kundi linalothibitishika kirahisi, kama watoto au wazee, hugharimu zaidi lakini humwacha mtu mmoja mmoja nje kwa nadra. Njia nyingine ni kazi za umma ambazo asiye na shida hatajitokeza kuzifanya. Sheria ya India ya 2005 iliahidi siku 100 za kazi kwa mwaka kwa kila kaya ya kijijini. Shida yake kubwa ilikuwa malipo kuchelewa, ingawa sheria ilitaka yatoke ndani ya wiki mbili. Anayeishi kwa ujira wa siku hawezi kusubiri miezi.

Kagua pia kasi ya kuondoa msaada. Tuseme mtu anapata kazi, na kwa kila 100 anayoingiza posho inapungua kwa 50, kodi inachukua 10, na mchango wa hifadhi ya jamii 8. Anabaki na 32. Akipoteza na bima ya afya kwa kuvuka mstari, kazi inamtia hasara. Punguza posho taratibu, na usiweke huduma mbili zikome kwenye kipato kimoja.

Jedwali la mwisho kabla ya kupeleka pendekezo

Tengeneza jedwali la mafungu kumi. Kwa kila fungu andika kipato cha soko, kodi ya mapato, kodi zilizomo katika bei, posho, na thamani ya huduma za shule na afya kwa kadiri zinavyotumiwa hasa na fungu hilo. Mstari wa chini ni nani ameongezewa na nani amepunguziwa. Mara nyingi utaona fungu la nne na la tano likilipa zaidi ya linavyopata: limezidi kipato cha kupewa posho, na halijafika kwenye faida za juu. Hao ndio wanaopinga mageuzi, na wana sababu. Rekebisha viwango kabla hujatoka ofisini.

Mwisho, weka tarehe za kupima kulingana na sera. Posho hupimwa baada ya miezi 12. Kima cha chini kinahitaji miaka miwili na takwimu za ajira za kila robo mwaka. Kodi ya majengo hupimwa kwa kiasi kilichokusanywa dhidi ya kilichodaiwa, kila mwaka, mtaa kwa mtaa. Elimu na ardhi huchukua miaka 10 hadi 20 kuonekana kwenye Gini, kwa hiyo zipimie kwanza kwa hatua za njiani: watoto wanaoweza kusoma wakiwa darasa la tatu, wakulima waliobaki na ardhi yao baada ya misimu mitano. Na ngazi za kodi ya mapato zipandishwe kila mwaka pamoja na bei, kwani zikiachwa, mfumuko wa bei utawasukuma wenye mishahara ya kawaida hadi ngazi zilizowekwa kwa ajili ya matajiri, bila bunge kupiga kura.